Urefu kwa Upana

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, 12 Machi 2010

Mjomba Douglas mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na naomba barua hii ikukute kwenye benchi lako, miwani puani, ukimgombeza mtu aliyeleta saa iliyoingia maji. Binti yako Emily ameniambia kwamba sasa hata sikio la kushoto limegoma. Ndiyo maana naandika. Kuliko mimi nipige makelele kwenye simu na wewe uniitikie "eeh, eeh" bila kusikia kitu, heri hivi.

Nimetoka misa kanisani Mesaimeer sasa hivi; huku Jumapili yetu ni Ijumaa. Tulikuwa na Terry, yule nesi wa Kapsabet ninayelala naye chumba kimoja, na Mwaura, mtoto wa jirani yetu pale Langas. Siku hizi Mwaura ni dereva wa duka letu. Anaomba umwambie mama yake asiache dawa za presha, na mkewe Charity asiwe na wasiwasi, kazi inaendelea.

Uliuliza ninafanya nini hasa. Mjomba, ninapima almasi kutwa. Mteja akileta pete ibadilishwe au ikazwe, kabla haijaenda karakana naipima, naandika vipimo kwenye kadi. Ikirudi naipima tena. Wewe ulinifundisha mviringo tu, kwa sababu kwa yule sonara wako Eldoret hamkuona kingine. Mviringo ni rahisi: nazungusha jiwe kwenye geji, nachukua kipenyo kikubwa na kidogo, natafuta cha katikati, kisha kina nakigawa kwa hicho. Lakini huku wanapenda umbo la yai, la tone, la jicho, la mstatili. Hayo hayana kipenyo. Yana urefu na upana, na kina hugawiwa kwa upana, si kwa urefu. Wiki ya kwanza nilikosea kila kadi! Halafu unagawa urefu kwa upana, na jibu ndilo linakuambia kama tone ni nene au jembamba. Hata ule uso bapa wa juu, ule tunaouita meza, kwenye mviringo unaulinganisha na kipenyo, na kwenye tone na upana.

Sasa nikuulize jambo. Mwezi uliopita bibi mmoja alileta pete yenye tone. Nilipima urefu milimita 9.42, upana 6.04, kina 3.80. Urefu kwa upana, 1.56. Pete ikaenda karakana yetu ya Al Wukair. Imerudi Jumanne, nimepima 9.11, 6.20, 3.78. Urefu kwa upana, 1.47. Uzito karibu uleule. Nilimwonyesha msimamizi. Akaniambia, "Umechoka. Andika zile za kwanza." Nikaandika. Mwaura ameshampelekea mwenyewe nyumbani.

Jiwe linaweza kubadilika, Mjomba?

Wako,
Jebet


Langas, Eldoret
20 Aprili 2010

Kwako mwanangu Jebet,

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani wiki tano. Mvua imeshika, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika magotini. Emily amepata kazi ya kufundisha chekechea. Mama Mwaura nilimpelekea salamu na dawa anakunywa. Anasema mwanawe akonde kidogo, picha aliyotuma ina mashavu mengi.

Kuhusu swali lako. Almasi haibadiliki kwa kukazwa kwenye pete. Inaweza kuvunjika ncha, hasa tone, lakini ikivunjika itapungua. Haiongezeki upana. Wewe umeniambia upana ulitoka 6.04 ukawa 6.20. Jiwe gani linanenepa?

Funga geji yako bila kitu ndani, uone kama inasoma sifuri. Kisha pima mara tano. Kama geji ni nzima, hilo si jiwe lile.

Na usiandike tena namba ambayo jicho lako halikuiona. Nilikufundisha hilo kabla sijakufundisha kushika koleo.

Mjomba wako,
Douglas


Doha
4 Juni 2010

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa Emily. Huku joto limeanza. Ukishika kitasa cha gari saa sita mchana unaacha ngozi. Terry amehamishiwa wadi ya watoto. Nimejifunza kupima umbo la moyo: upana unapimwa kutoka shavu hadi shavu, na urefu kutoka juu ya mashavu hadi ncha. Mioyo mingi ni mifupi kuliko inavyoonekana.

Labda mmeshasikia. Mwaura alikamatwa wiki mbili zilizopita. Bibi mmoja alipeleka pete yake ikathaminiwe kwingine, wakamwambia jiwe halilingani na cheti chake. Wanasema alibadilisha yeye, njiani kwenda kwa bibi huyo. Tunamwombea.

Sina zaidi kwa leo.

Jebet


Langas
10 Julai 2010

Jebet,

Hatujambo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara naona ulichokiruka.

Charity alikuja hapa Jumapili na mtoto mgongoni. Kwa vile simsikii, aliandika kwenye kitabu changu cha risiti: "Baba Emily, Jebet anafanya kazi duka hilohilo. Amekuambia chochote?" Nilichukua kalamu na mimi, kana kwamba mimi ndiye bubu, nikaandika: "Hapana."

Sasa nijibu swali moja tu. Ni lile tone?

Douglas


Doha
15 Agosti 2010

Mjomba,

Ni lile.

Nilikuandikia barua tatu kabla ya hii nikazichana. Nitakueleza yote kwa mpangilio, halafu uniseme.

Siku ile pete iliporudi kutoka karakana sikupima mara moja. Nilipima mara saba. Nilipomwendea msimamizi nilikuwa nimeshajua. Aliangalia kadi, akaenda akafunga mlango, akarudi akakaa. Aliniambia, "Nani alipokea jiwe hili siku ya kwanza?"

Nikamwambia, "Mimi."

"Nani ana ufunguo wa kabati lako?"

"Mimi."

"Basi ukiandika namba hizi mpya, polisi wataanza na nani?"

Akanisukumia kadi tupu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Pasipoti yangu iko kwenye sefu ya ofisi na ufunguo ni wake. Niliandika 9.42, 6.04, 3.80, nikatia sahihi.

Unaona kilichotokea? Kadi yangu inasema jiwe lilirudi kutoka karakana likiwa zima, lilelile. Kwa hiyo kama lilibadilishwa, lilibadilishwa baadaye. Na baadaye ni mtu mmoja tu aliyelishika, Mwaura. Hawana ushahidi mwingine juu yake. Wana kadi yangu tu.

Polisi waliniita mwezi wa tano. Waliniuliza kama namba ni zangu. Nikasema ni zangu. Kama ni za kweli. Nikasema ni za kweli. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu akinitafsiria. Wiki iliyofuata alienda kwao likizo, na hajarudi, na mudiri, mkuu wa duka, hataki mtu amtaje jina.

Ile barua yangu ya Machi, ichome. Tafadhali, Mjomba.

Jebet


Langas
20 Septemba 2010

Mwanangu,

Nimekaa na kiberiti mkononi na sikuichoma. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea. Sijawahi kuharibu karatasi yenye vipimo.

Nilitaka kukuandikia kwamba nenda ukaseme. Niliandika hivyo, kisha nikamkumbuka mama yako alivyoniachia wewe ukiwa na miaka minne, na kitambaa kile cha buluu kichwani mwake hospitali. Sina dada mwingine, na dada yangu hakuwa na mtoto mwingine. Jela ya ugenini sitaweza kukufikia.

Mwaura ni mwanamume, ana wakili waliyempa, na kesi zisizo na ushahidi huanguka zenyewe. Nyamaza kwanza. Ngoja tuone. Nikipita kwa mama yake naingia mlango wa nyuma ili asinishike mkono aniulize.

Nimesema hivyo mimi. Kama ni dhambi, ni yangu.

Douglas


Doha
Ijumaa, 26 Novemba 2010

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mahindi mmevuna.

Kesi haikuanguka. Mwaura amefungwa miaka miwili. Wakili amekata rufaa.

Leo Mesaimeer padre alisoma jina lake kwenye maombi, watu wakageuka kuniangalia kwa huruma, kwa sababu wanajua tumetoka mtaa mmoja. Mama mmoja Mganda alinishika bega.

Terry alienda kumwona gerezani. Mimi nilisema nina zamu. Aliporudi alikaa kitandani pangu, akavua viatu, akasema, "Amepungua. Lakini amekutumia maneno."

"Maneno gani?"

"Amesema anashukuru kwamba aliyepima ni wewe, si mtu mwingine. Anasema wewe huwezi kukosea, kwa hiyo wakirudia kuangalia vipimo vyako wataona ukweli."

Terry aliendelea kuongea, sikusikia tena. Mjomba, uliniambia ninyamaze, nami nilishukuru uliponiambia hivyo. Nilingoja sana uniambie hivyo.

Jebet


Doha
9 Januari 2011

Mjomba,

Nimefanya jambo. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungesema nini.

Alhamisi nilimwomba padre anisindikize kwa niyaba, yaani waendesha mashtaka. Nilimwambia afisa mmoja kwamba jiwe lilirudi kutoka karakana likiwa limeshabadilishwa. Aliniuliza najuaje leo, baada ya miezi kumi. Nikaomba karatasi. Kabla hawajaleta kitu chochote nikaandika: urefu 9.11, upana 6.20, kina 3.78. Nikaikunja nikampa.

Wakaleta pete kwenye mfuko uliofungwa kwa lakiri, na fundi wa serikali, mzee mmoja mwenye vidole safi kama vya daktari. Akatoa jiwe kwenye kucha za pete zilizolishika. Akaniambia nipime mimi, yeye atazame. Mikono ilitulia, Mjomba. Nikasoma kwa sauti, yeye akarudia kupima, akasoma kwa sauti. Tisa nukta moja moja. Sita nukta mbili. Tatu nukta saba nane. Afisa akafungua karatasi niliyompa, akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Basi kwa nini kadi yako inasema mengine?"

Hapo, Mjomba, sikuweza. Nilisema nilinakili vibaya kutoka kadi ya kwanza, kwamba nilichoka. Sikumtaja msimamizi wala ule mlango. Padre alinitazama akainamisha kichwa.

Afisa alisema huenda mimi na Mwaura tulipanga pamoja, kwani wote ni Wakenya na wote wa mtaa mmoja. Sijui kama aliniamini. Wamenirudisha nyumbani na kuniambia nisiondoke Doha. Nimecheka kidogo. Ningeondokaje?

Usimwambie Charity bado. Nisije nikampa matumaini ya bure.

Jebet


Langas
10 Januari 2011

Mwanangu Jebet,

Barua yako ya mwisho niliyopata ni ya Novemba. Hii yangu naandika haraka, Emily anaipeleka kwa mtu anayesafiri kesho.

Mama Mwaura amefariki. Presha. Ilikuwa tarehe tatu, na juzi, tarehe nane, tumemzika. Kulikuwa na watu wachache, na ndugu zake wawili hawakuja. Walisema hawawezi kusimama kwenye kaburi la mama wa mwizi. Charity alirusha udongo mara mbili, wake na wa mumewe.

Kisha wakaniita mbele. Unakumbuka mwaka ule wa vurugu za uchaguzi nilimficha mama Mwaura chumbani kwangu siku tisa, yeye Mkikuyu na mimi Mkalenjin, wakati vijana wetu wanapita na mapanga wakiulizia nyumba za kina Mwaura. Sikuwahi kusema jambo hilo mahali popote. Mchungaji alilisema. Alininyooshea mkono ili watu wamwone jirani mwema. Sikusikia maneno, Emily aliniandikia kiganjani kwa kidole. Watu walinipigia makofi kando ya kaburi, na mimi nina barua yako ndani ya kabati.

Baada ya watu kutawanyika nilimpeleka Charity nyumbani kwangu nikampa ile barua ya Machi, na bahasha yake yenye muhuri wa posta wa Doha. Aliisoma akiwa amesimama. Hakulia. Alinitazama, akachukua kitabu cha risiti, akafungua ukurasa ule wa Julai ambapo niliandika "Hapana", akauchana, akaondoka nao.

Charity ameshaituma barua yako kwa padre wa Mesaimeer, ampe wakili. Usiingojee ifike. Nenda mwenyewe useme kabla haijafika, na useme yote.

Nimekusaliti, mwanangu. Naandika neno hilo ili usilisikie kwa mtu mwingine.

Douglas


Gereza la wanawake, Doha
27 Machi 2011

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya kuniambia niende mwenyewe ilifika siku nne baada ya ile ya Machi kufika kwa wakili. Yule msafiri alikawia.

Nilikuwa nimeshaenda, utakuwa umeona. Lakini nilikuwa nimesema nusu. Kwenye rufaa wakili alisoma barua yangu yote kwa tafsiri, hata pale nilipocheka kwamba wiki ya kwanza nilikosea kila kadi. Hakimu aliuliza kama ni mwandiko wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Kwa hiyo ulijua siku ileile?" Nikasema ndiyo. Nilimweleza kuhusu msimamizi na kadi tupu. Aliandika. Msimamizi hayupo, na jiwe la kweli hakuna anayejua liliko.

Mwaura aliachiliwa hapohapo. Bila barua ile wasingeniamini, Mjomba, nataka uelewe hivyo. Walikuwa wanakaribia kunifunga mimi pamoja naye. Alikuwa upande wa pili wa chumba, amevaa ndara, shingo imekuwa nyembamba. Hajui kuhusu mama yake, nilifikiri. Kisha nikaona kipande cha kitambaa cheusi kwenye mkono wake na nikajua anajua. Hakugeuka kuniangalia.

Mimi nimepewa mwaka mmoja, halafu nirudishwe nyumbani. Chakula kinatosha. Terry anaruhusiwa kuja mara moja kwa mwezi na ndiye atakayeitoa barua hii.

Usijilaumu kwa kuitoa barua. Jilaumu kwa Septemba, kama mimi ninavyojilaumu kwa Machi.

Jebet


Langas
22 Mei 2011

Mwanangu,

Nimekubali ulichosema kuhusu Septemba.

Hapa tuko wazima. Benchi nimelifunga, macho nayo yameanza kufifia. Emily ananinakilia barua zako kwa herufi kubwa.

Mwaura amefika. Nilimwona akipita nje siku tatu mfululizo, akisimama kidogo kwenye lango, akaenda. Siku ya nne aliingia. Nilimwekea kiti, akakikataa. Nilimwekea chai, ikapoa. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuweza kuipima, "Mwaura, nilijua tangu mwezi wa tisa." Alitikisa kichwa kwamba anajua. Charity amemwambia kila kitu. Kisha akanyoosha mkono aombe karatasi.

Aliandika kwa muda mrefu kwa maneno machache. Sijaongeza wala kupunguza. Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha hii, nami nimeyanakili:

"Mwambie nimefika. Mwambie nimeona mama alipolala. Tulikuwa tunakaa benchi moja kanisani kila Ijumaa na aliniona nikichukuliwa. Alikwenda mwenyewe kabla ya barua, padre aliniambia, hilo pia nalijua. Sijui nitamwambia nini nikimwona. Lakini asiogope kupita mtaani, hakuna atakayemgusa, nimewaambia."

Aliposimama kuondoka nilimpa mkono. Aliuangalia. Aliushika, lakini aliuachia upesi.

Mjomba wako,
Douglas


Doha
30 Juni 2011

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi ya Mwaura imefika. Terry aliishikilia kwenye kioo nikaisoma, kisha nikamwambia airudie, kisha saa ya kutembelewa ikaisha.

Nitatoka mwezi wa tatu mwakani. Watanipeleka moja kwa moja uwanja wa ndege, kwa hiyo sitakuwa na mzigo. Nikishuka Eldoret nitaenda kwanza kwa Mwaura. Usije kunipokea na usimtume Emily. Nataka nifike mlangoni peke yangu, mchana, watu wakiona.

Asipofungua nitangoja mpaka jioni, halafu nitakuja kwako nilale. Kesho yake nitarudi tena.

Jebet